Kengele za King's Landing: kwa nini mwisho wa Game of Thrones uliwauma watu kiasi kile

Mei 19, 2019, Jumapili usiku kwa saa za Marekani na saa kumi alfajiri ya Jumatatu kwetu Afrika Mashariki, kituo cha HBO kilirusha sehemu ya 73 ya Game of Thrones, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Marekani peke yake watu milioni 19.3 waliitazama usiku uleule, idadi ambayo HBO haikuwahi kuifikia kwa tamthilia yoyote. Wakati wanakaa mbele ya televisheni, ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane wote utengenezwe upya, kwa mikono ya waandishi wanaojua kazi, lilikuwa limeshavuka sahihi milioni moja. Baadaye zilipita milioni 1.8. Na Septemba ya mwaka huohuo msimu uleule ukatwaa tuzo 12 za Emmy, ikiwamo ya tamthilia bora.

Kwa hiyo tunao msimu uliotazamwa sana, ukatuzwa sana, na ukachukiwa sana. Maelezo yaliyozagaa ni mawili. La kwanza linasema watazamaji walitaka mwisho wa furaha, wakanyimwa, wakanuna. La pili linasema waandishi waliichoka kazi wakakimbilia pesa nyingine. La pili lina chembe ya ukweli iliyochanganywa na uzushi, nitalifikia. La kwanza naliona ni dharau kwa watazamaji, na historia ya tamthilia yenyewe inalikanusha. (Anayepanga kuitazama na hajaanza aishie hapa, maana kuanzia sasa nitataja kila kitu.)

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na kanuni moja isiyohitaji kuandikwa popote: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akaangushwa korongoni, akafungwa kwenye ghala linalowaka, lakini ukimuona ndiye stelingi unakunywa soda yako kwa amani. Mwaka 2011, katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, Game of Thrones ilimkata kichwa Ned Stark, mtu ambaye uso wake ulikuwa kwenye bango la tamthilia. Mwaka 2013 ikamuua mwanawe Robb harusini, pamoja na mama yake, mkewe mjamzito na jeshi lake. Watu walilia. Wengine walijirekodi wakilia. Hakukuwa na ombi la sahihi milioni la kutaka harusi ile iandikwe upya.

Kwa nini hawakufanya hivyo? Kwa sababu kila kifo kati ya hivyo kilikuwa na mizizi tuliyoiona ikichimba ardhini. Ned aligundua kwamba watoto wa malkia Cersei hawakuwa wa mfalme, kisha kwa huruma akamwendea Cersei mwenyewe na kumwambia anajua, ili apate nafasi ya kutoroka na wanawe. Cersei aliitumia nafasi hiyo kumwangamiza. Robb alimwahidi bwana Walder Frey, yule aliyekuja kuandaa mauaji ya harusini, kwamba ataoa binti yake, kisha akaoa mwanamke aliyempenda. Tuliyaona makosa yakifanyika, tukayasahau kidogo, halafu yakarudi kudai. Malipo ni hapa hapa duniani: hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ulimwengu ule, na watazamaji waliikubali hata ilipowaumiza. Walichokikataa mwaka 2019 ni pale waliposhuhudia sheria hiyo ikiachwa.

Fundo kubwa ni Daenerys Targaryen. Kwa misimu saba alikuwa Mvunja Minyororo: msichana aliyeozwa na kaka yake kwa sababu ya jeshi, akainuka akiwa na majoka matatu yanayotema moto, akawakomboa watumwa wa Astapor, Yunkai na Meereen. Katika sehemu ya tano ya msimu wa nane anafika King's Landing, mji mkuu wa ufalme, juu ya joka lake Drogon, anateketeza meli na silaha za ukutani, askari wa adui wanatupa panga chini, na kengele za mji zinalia kuashiria kwamba umesalimu amri. Ameshinda. Kamera inaung'ang'ania uso wake kwa muda, kisha anapaa na kuanza kuuchoma mji, mtaa baada ya mtaa, kina mama na watoto wakiwa ndani. Katika sehemu inayofuata Jon Snow, mpenzi wake ambaye pia ni mtoto wa kaka yake, anamkumbatia na kumchoma kisu.

Wanaoutetea mwisho huo husema dalili zilikuwepo tangu mwanzo, na ni kweli. Alimtazama kaka yake akimiminiwa dhahabu iliyoyeyushwa kichwani bila kupepesa. Aliwasulubu mabwana 163 wa Meereen kulipiza watoto 163 waliosulubiwa njiani. Katika msimu wa saba aliwachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly waliokataa kumpigia magoti. Nazikubali dalili zote hizo. Ila dalili hazitoshi kuwa sababu. Kila aliyechomwa na Daenerys kabla ya siku ile alikuwa bwana wa watumwa, msaliti, au adui aliyekataa kusalimu amri. Na upande wa pili wa mizani kuna tukio ambalo watetezi hawalitaji: katika msimu wa nne mchungaji mmoja alimletea mifupa ya binti yake mdogo, aliyechomwa na Drogon. Daenerys aliwapeleka majoka wawili waliobaki pangoni akawafunga minyororo kwa mikono yake, huku akilia na wao wakimlilia. Huyo ndiye mwanamke aliyetakiwa kufika mahali pa kuwachoma maelfu ya watoto wa wachungaji.

Safari hiyo inawezekana. Ingekuwa mojawapo ya safari za kutisha zaidi kuwahi kuonyeshwa kwenye televisheni, kwa sababu kila mmoja wetu aliyeshangilia Astapor angelazimika kujiuliza alishangilia nini. Tulichopewa ni msongamano: anaambiwa kwamba Jon ana haki zaidi ya kiti cha enzi, anampoteza mlinzi wake Jorah, anampoteza joka Rhaegal, anampoteza rafiki yake Missandei, anasalitiwa na mshauri wake Varys, na yote hayo yanatokea ndani ya sehemu nne. Rhaegal mwenyewe alitunguliwa na meli za adui yake Euron ambazo Daenerys, akiwa juu angani, hakuziona. David Benioff, mmoja wa waandishi wakuu wawili, alieleza katika video ya baada ya kipindi kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau meli hizo. Katika sehemu ileile washauri wake walikuwa wamezizungumzia mezani.

Halafu, mji ukiwa umeshakuwa majivu, Tyrion, mshauri wa Daenerys, akiwa mahabusu anamkalisha Jon na kumfafanulia: alipowaua watu waovu tulimshangilia, kila aendako waovu wanakufa, naye akazidi kuamini kwamba yuko sahihi. Ni hoja nzuri sana. Pengine ndiyo hoja kuu ya hadithi nzima. Lakini kilichotakiwa kukua ndani ya Daenerys tulikisikia kutoka mdomoni mwa mtu mwingine, baada ya tendo, kwa njia ya maelezo. Hadithi inayolazimika kusimama ijieleze baada ya kilele chake inakiri yenyewe kwamba haikufanya kazi hiyo kabla.

Jaime Lannister, pacha wa Cersei na mpenzi wake wa siri, alifanyiwa vibaya zaidi, na ajabu ni kwamba hazungumzwi vya kutosha. Katika sehemu ya kwanza kabisa anamsukuma mtoto dirishani. Katika msimu wa tatu, akiwa ndani ya maji ya moto, mkono wake umekatwa, anamfichulia mwanamke mpiganaji Brienne siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu: alimuua mfalme wake kwa sababu mfalme huyo alikuwa ameamuru mji mzima uchomwe. Alibeba jina la msaliti maisha yake yote kwa kuwaokoa watu wa King's Landing. Katika msimu wa nane anampa Brienne heshima ya uaskari wa kifalme, tukio ambalo binafsi naliweka kati ya mazuri kuliko yote ya tamthilia hii, kisha anamwacha akilia na kurudi kwa Cersei. Kurudi huko ningekuelewa. Watu huwarudia waliowaharibu. Ila anapoulizwa kuhusu wakazi wa mji huo anajibu kwamba hakuwahi kuwajali sana, wawe na hatia au wasiwe nayo. Kwa sentensi hiyo moja maungamo ya kwenye maji yanafutwa.

Hata muda na umbali vilikunjwa. Msimu wa kwanza msafara wa mfalme unapofika Winterfell, ngome ya ukoo wa Stark huko kaskazini, Cersei analalamika kwamba wamesafiri mwezi mzima. Ukubwa wa nchi ulikuwa sehemu ya hadithi: habari zilichelewa, majeshi yalikwama, watu wakabadilika njiani, kwenye moto wa usiku, wakizungumza na mtu wasiyempenda. Katika msimu wa saba kijana anakimbia kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ukuta wa barafu wa kaskazini, ndege anapeleka barua hadi kisiwa cha Dragonstone, na Daenerys anavuka nusu ya bara kwa joka, yote kabla Jon na wenzake hawajafa kwa baridi juu ya barafu. Zilipopotea safari, yalipotea mazungumzo, na katika mazungumzo hayo ndimo wahusika walikuwa wakibadilika.

Sasa, ilikuwaje? George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya zilizozaa tamthilia hii, alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza. Cha sita hakikutoka. Mwaka 2013 Benioff na mwenzake D. B. Weiss walimfuata nyumbani kwake Santa Fe, akawaeleza hatima za wahusika wakuu. Martin amezoea kusema kuna waandishi wa aina mbili: wasanifu, wanaochora nyumba nzima kabla ya kuweka tofali, na watunza bustani, wanaopanda mbegu na kuitazama inavyoota. Yeye ni mtunza bustani. Vitabu vilipoisha, karibu na msimu wa sita, warithi wake walibaki na bustani ya mtu mwingine na orodha ya matunda yanayotakiwa kuvunwa. Walijua Daenerys afikie wapi. Namna ya kumfikisha haikuwa imeandikwa na yeyote.

Juu ya hapo wakajipunguzia nafasi. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ukawa na saba, wa nane sita. HBO ilikuwa tayari kulipia zaidi, na Martin mwenyewe amesema hadithi ilistahili misimu mingine. Hapa ndipo uzushi ulipoingia: ikasemwa walikimbilia kutengeneza filamu za Star Wars. Tarehe hazikubaliani na shutuma hiyo. Mpango wa kumaliza kwa sehemu 13 waliutaja tangu 2016, na mkataba wa Star Wars ulitangazwa Februari 2018 (nao ukavunjika Oktoba 2019). Tangu mapema walikuwa wakikadiria saa 70 hivi kwa hadithi yote. Nadhani kosa lao lilikuwa kuushikilia mpango wa zamani wakati hadithi imeshawaonyesha kwamba inahitaji nafasi nyingine. Na nafasi iliyobaki waliipa vita: pigano la Winterfell lilirekodiwa kwa usiku 55, kazi ya kishujaa ya mamia ya watu, ikatoka giza kiasi kwamba wengi walidhani televisheni zao zimeharibika.

Ugonjwa huu si wa Game of Thrones peke yake, na mfano unaonifundisha zaidi ni wa vichekesho. How I Met Your Mother ilianza CBS mwaka 2005: baba anawasimulia wanawe jinsi alivyokutana na mama yao. Mwaka 2006, kwa kuhofia watoto wale waigizaji wangekua, watunzi Carter Bays na Craig Thomas walirekodi itikio lao la mwisho na kulifungia kabatini. Ndani yake watoto wanamwambia baba kwamba hadithi hii kwa kweli inamhusu Robin, mwanamke wa kwanza tuliyemuona naye. Likakaa huko miaka minane. Katika miaka hiyo Robin aliachwa nyuma taratibu na kwa ustadi, akapewa mwanaume mwingine, na msimu wa tisa karibu wote ukatumika kwenye wikiendi moja ya harusi yao. Mama akaonekana hatimaye, na watu wakampenda papo hapo. Machi 31, 2014, ndani ya kipindi kimoja, wale maharusi wakaachana, mama akafa, na baba akaenda kusimama chini ya dirisha la Robin. Watunzi walikuwa waaminifu kabisa kwa mwisho wao. Ila waliokuwa wakisubiriwa na mwisho huo walikuwa wahusika wa mwaka 2006, na mwaka 2014 hawakuwepo tena. Toleo la DVD likaja na mwisho wa pili, ambamo mama hafi.

Ukizitazama tamthilia hizi mbili pamoja, lawama ya kwamba "hawakuwa na mpango" inaanguka. Zote zilikuwa na mpango. Breaking Bad, ambayo mwisho wake wa Septemba 29, 2013 unasifiwa hadi leo, ilianza msimu wa tano kwa kumuonyesha Walter White akipokea bunduki kubwa kwenye buti la gari, na waandishi wenyewe hawakujua bado ataitumia kumpiga nani. Walichofanya ni kukaa chini na kujiuliza, tendo kwa tendo, mtu huyu sasa angefanya nini. Stelingi akafa, na watu wakaridhika.

Lakini kwa nini mwisho mmoja uwe na nguvu ya kuchafua saa 70 zilizotangulia? Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu waloweke mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Baadaye wakaloweka tena kwa sekunde 60, na kuongezewa sekunde 30 ambazo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado yakiuma, ila kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Inachukua kilele na inachukua mwisho. Ndiyo maana mtu anasema "nimepoteza miaka minane" ilhali miaka saba kati ya hiyo alikuwa anahesabu siku mpaka Jumapili. Furaha ile aliipata kweli. Hana tu njia ya kuikumbuka bila kupita mlango wa kutokea.

Kuna pia uchungu wa kuagana. Friends ilipomalizika Mei 2004, watafiti Keren Eyal na Jonathan Cohen waliwahoji wanafunzi waliokuwa wakiitazama, na utafiti wao wa 2006 ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyojihisi yuko karibu na mhusika ampendaye ndivyo alivyoumia zaidi kumpoteza, ingawa si kama kuachana na mtu wa kweli. Friends iliisha vizuri, na bado watu waliuguza kitu. Mwisho mzuri humpa mtazamaji mahali pa kuuweka uchungu huo. Mwisho uliopelekwa haraka unamwacha akiwa amefiwa na hana matanga ya kukaa, basi uchungu unageuka hasira, na hasira hutafuta mtu. Hapo ndipo waigizaji na waandishi walipoanza kutukanwa hadharani, jambo ambalo siwezi kulitetea kwa namna yoyote.

Na lile ombi la kuandika upya? Wasimulizi wetu wa pwani walikuwa na fomula ya kufungia ngano: hadithi yangu imekwisha, ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu niliyeitoa. Naiona ni haki ya kina. Uzuri unagawanywa, kasoro inabaki kwa msimulizi. Chini ya makubaliano hayo msikilizaji ana haki kamili ya kusema hadithi imeharibika, kusema kwa sauti, na kueleza ilipoharibikia. Hana haki ya kumnyang'anya msimulizi kinywa. Waliosaini wengi nadhani walijua kwamba HBO haitatumia mamilioni ya dola kurudia kazi. Walikuwa wakitumia nafasi pekee waliyoiona ya kusema kwamba walijali. Lakini kusema "kifanyieni kazi upya" ni dogo kuliko kusema "hapa, kwenye kengele, mlimpoteza Daenerys, na sababu ni hizi". Uchambuzi wa namna hiyo uliandikwa kwa wingi mwaka ule, na ndio ninaourudia mara kwa mara kuliko ombi lenyewe.

Hasira haikuua ulimwengu ule. Agosti 21, 2022, House of the Dragon, hadithi ya mababu wa Daenerys, ilianza kwa watazamaji karibu milioni 10 Marekani usiku wa kwanza. Watu waliapa hawatarudi, wakarudi, kwa sababu waliloapia lilikuwa mwisho, na walichokipenda kilikuwa kingine.

Jaribio halisi la hoja hii bado liko mezani kwa Martin. Kama matukio makuu yalitoka kwake, basi siku kitabu cha sita na cha saba vitakapotoka huenda tukasoma tena mji ukiungua, na Bran, yule mtoto aliyesukumwa dirishani, akiwekwa kwenye kiti cha ufalme. Wanaodai watazamaji walitaka tu furaha wanapaswa kutarajia wasomaji wakasirike vilevile. Mimi natarajia watasoma kurasa mia kadhaa za mwanamke anayepoteza kitu kimoja kila baada ya sura, wataona akikosea mara ya kwanza na kujisamehe, mara ya pili na kutojisamehe, na kengele zitakapolia watatamani kumshika mkono, wakijua kwamba hatawasikia.